Nilipamba msiba wa baba, kisha nikapeleka maua yale yale kwenye harusi ya binti yake

Wakuu, habari za jioni. Na wale mnaosoma mkiwa kazini bosi haoni, poleni na majukumu.

Hii ya leo nimekaa nayo tangu mwisho wa mwezi wa kwanza. Nimeiandika mara tatu nikaifuta. Sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga, maana sina mtu wa kumsukumia.

Nijitambulishe kidogo. Niko Tabora mjini, kazi yangu ni kupamba. Harusi, send-off, komunio, mahafali, misiba. Ndiyo, mimi ni mwanaume, na ndiyo, nakula kwa maua. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, tuendelee.

Nafanya kazi na shemeji yangu Mwajuma, mdogo wake mke wangu. Yeye ana mkono wa vitambaa na mdomo wa pilipili. Mimi nina mkono wa maua na tumbo la wasiwasi.

Nikisema wasiwasi sitanii. Mimi ni yule mtu anayerudi nyumbani kuangalia kama amefunga mlango, anakuta umefungwa, anafika barabarani anarudi tena kuhakikisha. Mke wangu alishazoea, siku hizi hata haniulizi nimesahau nini.

Sasa kwa wasioijua hii kazi, niwaeleze kwanza, la sivyo hamtaelewa nilikuwa natokwa jasho la nini.

Maua yako ya aina mbili. Kuna fresh, yaliyokatwa shambani. Na kuna ya kitambaa, ambayo wateja wanayaita ya plastiki, lakini yale mazuri ni kitambaa laini chenye mng'ao kama hariri, na shina lake lina waya ndani.

Fresh kwa sisi wa Tabora ni ugonjwa wa moyo. Yanatoka Arusha kwenye boksi, kwa basi. Unampigia kondakta: "Kaka, boksi langu lipo?" Anakujibu lipo. Kumbe kaliweka karibu na injini. Linafika Tabora waridi limeiva kama mchicha.

Yakifika salama ndiyo presha inaanza. Ukate shina kwa mshazari, utoe majani yote yatakayogusa maji, uyafungie chumba cha giza chenye ubaridi. Umeme ukikatika unakaa na ndoo zako unazipepea kwa kipande cha boksi. Nimewahi kupepea waridi mchana mzima huku mwanangu ananiuliza, baba, hayo maua yanaumwa?

Ya kitambaa hayana shida hiyo. Unapinda shina linakaa ulivyotaka. Yakichafuka unayafua kwa sabuni ya unga, unayaanika kivulini maana jua letu linayapausha upesi, unayapitishia mvuke wa pasi, yanarudi kazini. Ninayo mengine yana miaka minne. Yamehudhuria harusi nyingi kuliko padre.

Na hapo ndipo penye siri ya hii kazi.

Maua fresh yanakufa na shughuli yake. Ya kitambaa hayafi. Jumamosi yako harusini, Jumanne yako msibani, Jumamosi ijayo yako kwenye send-off. Mteja haulizi, na sisi hatusemi.

Wenzangu wapambaji mlioko humu msijifanye mnashangaa. Tunajuana.

Mimi nilianza vizuri. Nilikuwa na viroba viwili, cha harusi na cha msiba, nimeviandika kabisa kwa kalamu nene. Kisha lili nyeupe zikaja kuwa fasheni, yale maua yenye mdomo mpana kama tarumbeta. Bibi harusi anataka lili nyeupe, wafiwa nao wanataka lili nyeupe. Na mimi nilikuwa na seti moja tu. Viroba vikaanza kuchangiana taratibu, mwisho wake nikaacha hata kuangalia maandishi.

Nirudi kwenye mada.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili niliitwa msiba Ntalikwa. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa, kafundisha katekisimu miaka mingi, na pale kila mtu alimwita Mzee Katekista. Mjane wake walimwita Mama Yosefu, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Mimi niliyajua majina hayo mawili tu.

Nikapamba meza ya jeneza. Lili zote nyeupe nilizokuwa nazo, mashina kama sitini, kichwani na miguuni. Walipenda sana. Mama Yosefu alikaa kwenye mkeka karibu kabisa na ile meza, mkono wake ukiwa juu ya kitambaa, na mara mojamoja alikuwa anaziweka sawa zile lili zikiinama.

Wakati wa kuaga ukapita upepo. Mshumaa wa kichwani ukalala upande wa maua.

Wakuu, kitambaa hakiungui kama karatasi. Kinayeyuka, kinanuka, na kinadondosha matone ya moto. Watu wakapiga kelele. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu nikaganda. Mama Yosefu ndiye aliyeinuka akalibana lile ua kwa kiganja chake, moto ukazimika. Akakaa tena mkekani.

Niliporudi nyumbani nikazifua lili zote. Ile iliyoungua ilikuwa imeharibika petali moja tu. Nikaikata na mkasi vizuri kabisa, ua likabaki na petali tano badala ya sita. Mpambaji mzoefu analigeuzia nyuma, hakuna atakayeona. Nikalirudisha kwenye kiroba na wenzake.

Mwezi wa kwanza ikaja simu kutoka Kaliua. Mwenyekiti wa kamati ya harusi, upande wa bwana harusi. Anataka nyeupe na peach, kaona picha zangu kwenye simu ya mtu. Akanitajia tarehe, ukumbi na jina la bibi harusi, Editha. Sikuuliza Editha ni wa ukoo gani, anatoka wapi. Ningeuliza ili iweje? Tangu lini muuza gunia anauliza gunia litabeba nini?

Siku ya siku tukaondoka Tabora alfajiri na Noah ya kukodi, mimi, Mwajuma, dereva na viroba mpaka kwenye dari. Kwenye ndoo katikati ya miguu yangu kulikuwa na fresh kidogo, waridi kwa ajili ya altare na ua la mkononi la bibi harusi. Padre wa kule hataki ua la kitambaa karibu na altare. Na sista anayetunza sakristia alishanionya kwenye simu kwamba waridi za altare zikishawekwa zinabaki hapo mpaka misa ya Jumapili, nisije nikazihamishia ukumbini.

Mpaka saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umekamilika. Niseme tu ukweli, ilikuwa kazi nzuri. High table nyeupe tupu, lili zinashuka mbele mpaka chini, waridi za kitambaa rangi ya peach zikipita katikati. Meza ya wazazi hivyohivyo. Misa ilikuwa saa sita, sherehe saa kumi, kwa sababu wageni wa upande wa bibi harusi walikuja na basi la kukodi na lilitakiwa kuondoka saa moja jioni.

Nikakaa kwenye kiti cha mbele kunywa maji. Mara ya kwanza wiki nzima tumbo langu lilikuwa limetulia.

Wakaingia akina mama watatu, wamefunga vitenge vya sare, wamekuja kuangalia ukumbi kabla ya kwenda kanisani. Nikasimama.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia. Kisha yule wa katikati akasogea, akanitazama usoni kwa karibu sana.

"Baba, wewe si ndiye uliyetupambia msiba kule Ntalikwa?"

Wakuu, alikuwa Mama Yosefu.

Nikaweka chupa ya maji chini. Nikasema, "Ndiye mimi, mama. Umekuja harusini?"

"Mama mzaa chema ni mimi. Editha ni wangu, wa mwisho. Baba yake alisema kabla hajafa, chochote kitakachotokea harusi isisogezwe."

Akaniacha pale, akatembea mpaka high table. Akashika lili moja. Akaipapasa petali kwa vidole, polepole, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Alikaa hapo muda ambao mimi niliuona kama misa nzima. Kisha akasema, "Yanafanana na ya kweli."

Wakatoka.

Nikaenda mbio pale aliposhika. Lili aliyoigusa ilikuwa nzima. Ya pembeni yake, umbali wa shibiri moja, ilikuwa na petali tano.

Sasa hebu jiwekeni kwenye nafasi yangu. Ameona au hajaona? "Yanafanana na ya kweli" maana yake nini? Alikuwa anasifia, au ananiambia kwa adabu kwamba anayajua? Mama wa makamo yale hakurushii maneno mbele za watu. Anakuangalia tu, halafu habari zako unazikuta kwa watu wengine baada ya mwezi.

Mimi si muumini wa mambo ya mkosi. Ila siku ile niliamini kila kitu nilichowahi kukipuuza. Nikaona hawa watoto wakikosana, wakikosa mtoto, wakipata ajali, na kila mahali mtu anasema: wangekosaje mkosi, wakati walikaa nyuma ya maua ya jeneza la baba?

Na jina langu je? Tabora ni mji mkubwa mpaka upate doa.

Nikamwita Mwajuma nyuma ya jukwaa nikamweleza. Akashika kiuno.

"Shem, ameona?"

"Sijui."

"Kama ameona, ameshaona. Kama hajaona, ukiyatoa ndiyo unamwonyesha. Yaache."

Akili ilikuwa inakubaliana naye. Hata sasa hivi nikipiga hesabu naona alikuwa sahihi. Ila nikatazama meza ya wazazi. Kiti cha mama wa bibi harusi kilikuwa kinatazamana moja kwa moja na high table. Angekaa pale saa tatu nzima, mchana kweupe, macho yake kwenye yale maua yaliyokaa kichwani kwa mumewe. Nikaona kiganja chake kikibana ule moto.

Nikamwambia Mwajuma, "Tunazitoa."

"Unaweka nini?"

Hapo sasa.

Kaliua siyo mahali pa kuingia dukani ukanunua maua. Peach za kitambaa nilizokuwa nazo zilitosha theluthi moja ya meza. Nikaenda gesti ya jirani, uani kwao kulikuwa na bogenvilia imepanda ukutani. Mhudumu akanikatalia, kisha akanikubalia, kisha akaniambia nisizidishe kinachojaa mikono miwili. Nikarudi na mikono miwili ya bogenvilia na mikwaruzo mpaka kwenye shingo. Ilikuwa saa tano kasoro.

Dereva wetu ndiye aliyesema. Tulipokuwa tunakuja, alisema, kuna shamba tulilipita limejaa maua ya pinki.

Nikamwambia, ile ni tumbaku.

Akasema, kwani tumbaku siyo maua?

Kwa mliokulia mjini: mkulima wa tumbaku hataki ua. Anataka jani. Mche ukianza kuchanua anaukata kichwa, anakitupa chini, ili nguvu yote irudi kwenye majani. Wakati huo wa mwaka kule Kaliua vichwa vya maua vinaozea kwenye matuta na hakuna anayeviangalia mara mbili.

Tulimkuta mama mmoja shambani, anaitwa Spesioza, mvua ilimchelewesha na alikuwa ndiyo ameanza kukata. Shamba zima limechanua, pinki hafifu, na kila kichwa kina vitarumbeta vidogo vimekusanyika. Nilimsalimia nikamwomba.

"Maua ya tumbaku?" akauliza. "Ya kufanyia nini?"

"Ya harusi, mama."

Alicheka mpaka akashika mpini wa jembe. "Chukua yote, baba. Unanisaidia kubeba takataka."

Tukakata, mimi na dereva, tumeinama kama tunaiba. Kama hujawahi kushika ua la tumbaku, lina gundi. Inanata kwenye vidole, inakuwa nyeusi, na ukijisahau ukajifuta uso umekwisha. Tulirudi ukumbini saa sita na nusu, misa inaendelea, mimi naonekana kama fundi gari.

Tatizo likawa moja. Sponji.

Maua ya kitambaa unayachomeka kwenye sponji kavu, ya kijivu. Fresh yanataka sponji ya kijani, inayokunywa maji. Za kijani nilibeba mbili tu, na zote zilikuwa kanisani chini ya waridi za padre. Ukilichomeka ua fresh kwenye sponji kavu umelihukumu.

Mwajuma, ambaye muda wote alikuwa hanisemeshi, akaanza kuokota chupa tupu za maji. Akazikata nusu kwa kisu, akazipanga nyuma ya kitambaa cha high table, akazijaza maji. Mimi nikawa nachomeka vichwa vya tumbaku humo, vitatu vitatu, nafunika midomo ya chupa na majani ya mpera. Lili zote sitini zikarudi kwenye kiroba, kiroba kikaenda kwenye gari, nikafunga mlango. Nikarudi kuangalia kama nimefunga.

Saa tisa mwenyekiti wa kamati akaingia. Mzee mmoja hivi wa suti, alisimama mlangoni akavua miwani.

"Kijana, hii ni nini?"

"Maua fresh, mzee. Nimeboresha."

"Hii ni tumbaku."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nina ekari sita za tumbaku. Nimekuja harusini ili nipumzike nisiione. Nyeupe yangu iko wapi?"

Nilimwambia nyeupe imepata hitilafu. Hitilafu! Kama umeme. Akaangalia saa, akaona hakuna la kufanya. Akaniambia tutaongea kesho. Neno "kesho" nilibaki nalo sherehe nzima.

Maharusi wakaingia saa kumi na robo. Nilijificha pembeni ya spika, pale ambapo naona high table na naona meza ya wazazi. Sikula, sikunywa. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia Mama Yosefu.

Alikaa. Akatazama mbele. Akakunja uso kidogo. Akamwinamia mama wa pembeni yake akamnong'oneza, na wote wawili wakacheka. Sijui walicheka nini. Niliipa kila tafsiri nafasi yake, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa mbaya kwangu.

Baada ya saa moja tumbaku ikaanza kudondosha.

Hili sikulijua. Ukilikata, vile vitarumbeta vinaachia kimoja kimoja. Kikadondoka kwenye sahani ya bestman. Kikadondoka kwenye shela ya bibi harusi. Kila kikidondoka mimi moyo unaenda nacho. MC akaona, na MC akishaona umekwisha: "Bwana harusi! Wenzako wanamwagiwa waridi, wewe unamwagiwa mazao!" Ukumbi ukalipuka. Wakulima wote wale, kumbe ndicho walichokuwa wanasubiri mtu aseme. Hata mwenyekiti nilimwona meno.

Bibi harusi akaokota kimoja kwenye shela akamchomeka mumewe mfukoni kwenye koti. Watu wakapiga vigelegele.

Kwa hiyo yaliisha salama. Mngekuwa nyinyi mngeenda kula pilau. Mimi nilibaki na swali moja: ameona, hajaona?

Saa kumi na mbili na nusu wageni wa Ntalikwa wakaanza kutoka kwenda kwenye basi. Jua lilikuwa bado. Mama Yosefu akanikuta nje nakunja vitambaa. Akanipa mkono.

"Asante, baba. Umetupambia vizuri mara zote mbili. Mungu akuzidishie."

Hapa, wakuu, ndipo nilipotakiwa kusema "amina" nikanyamaza.

Ila ile "mara zote mbili" ilinichoma. Nikasema moyoni, hapa ananipa nafasi ya mwisho ya kusema mwenyewe. Anajua, na anasubiri aone kama mimi ni mtu wa aina gani. Nikafungua mdomo.

"Mama, yale maua meupe uliyoyashika asubuhi. Yalikuwa ni yale yale ya msiba. Sikujua kama harusi ni yenu. Nilipokuona nikayatoa. Nisamehe sana."

Alinitazama kama nimeongea lugha nyingine.

"Mimi macho yangu ni ukungu siku hizi," akasema. "Nilikuwa nashika tu nijue kama ni ya kweli."

Hakuwa anajua. Hakuwa anajua kitu chochote, wakuu. Siku nzima mimi nachemka peke yangu.

Nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi. Yeye naye hakuondoka. Akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Kwa hiyo haya maua huwa yanazunguka?"

"Yanazunguka, mama."

"Na yalipokuja kwa mume wangu, yalikuwa yametoka wapi?"

Hilo swali sikulitegemea. Tangu saa nne asubuhi nilikuwa nawaza msiba kuingia harusini. Harusi kuingia msibani sikuwahi kuiwaza hata mara moja, si siku ile, si miaka yote ninayofanya hii kazi.

"Nzega, mama," nikasema. "Harusini. Jumamosi iliyokuwa imetangulia."

"Harusini."

"Ndiyo."

Kondakta akapiga mlango wa basi kuwahimiza. Mama Yosefu akajifunga kitenge vizuri.

"Mimi siku ile nilikaa nayo mchana kutwa," akasema. "Nilikuwa nasema moyoni, maisha yake yote huyu mzee hajawahi kuletewa ua. Angalau haya ni yake."

Akapanda basi. Hakugombeza, hakulia, na dirishani hakuangalia nje.

Mwajuma alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Nilijua ataniambia "nilikwambia." Hakusema. Alichukua vile vitambaa mikononi mwangu akaanza kuvikunja mwenyewe.

Tulirudi Tabora. Mwenyekiti kweli alinipigia kesho yake, akanikaripia kidogo, kisha akaniambia watu wameipenda tumbaku. Nilimshukuru. Sikusikia raha yoyote.

Nilichojifunza nawapa kama kilivyo. Mwanzoni nilidhani somo ni kutenganisha viroba. Nimevitenganisha, nimenunua seti ya pili ya lili, sawa. Lakini hilo lilikuwa ni kunisaidia mimi nisiwe na presha.

Siku hizi mteja akija namwambia wazi: haya ya kitambaa yanazunguka, leo yako kwako, kesho yako kwa mwingine. Wengine wanashtuka wanakwenda kwa mpambaji ambaye hasemi. Wengi wanabaki.

Na msiba wowote ninaoupamba, hata wafiwa wakisema hawana uwezo, lazima niweke shada moja fresh juu ya jeneza. Nakata bogenvilia, nakata ua la porini, nakata chochote kilichochanua wiki hiyo. Lile linashuka kaburini na mwenyewe. Halirudi kwangu. Yanayobaki pembeni ndiyo ya kitambaa, na ndiyo narudi nayo. Mashina yakinyauka kabla hawajamaliza kuaga, yanyauke, angalau yamekuja kwa mtu mmoja tu.

Kuna wanaoniambia nilikosea kusema. Mke wangu mmojawapo. Anasema yule mama aliondoka Ntalikwa asubuhi akiwa na kumbukumbu moja nzuri ya ule msiba, na mimi nikaenda kumnyang'anya kwenye mlango wa basi, ili tumbo langu lipoe.

Namba ya Mama Yosefu ninayo, ilikuwa kwenye karatasi ya oda ya msiba. Naifungua, naiangalia, nazima simu. Najua ataitika, na najua ataniambia "marahaba, baba" kwa sauti ile ile. Baada ya hapo sijui naendelea vipi.

Kwa hiyo uwanja ni wenu, wakuu. Wapambaji, wafiwa, walioolewa nyuma ya lili za kitambaa, wote semeni. Ingekuwa ni wewe ungemwambia? Na kwa vile mimi nilishamwambia, nikimpigia naanza na lipi? Matusi pelekeni PM, ushauri acheni hapahapa, nausoma wote.